Maswali kuhusu insha ambayo wanafunzi na wazazi huniuliza kila muhula

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa mashariki mwa Nairobi. Mitihani inapokaribia, maswali huwa yale yale: mlangoni pa darasa, kwenye simu saa nne usiku, hata ndani ya matatu mzazi akinitambua. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa sentensi mbili tatu kwa sababu hayahitaji zaidi, na mengine yamenivuta nikakaa.

Insha ni nini hasa?

Neno lina asili ya Kiarabu, na huko linahusu kutunga, kuanzisha kitu ambacho hakikuwapo. Kwetu ni utungo wa nathari unaozungumzia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi huteleza hapo kwenye "jambo moja". Mtoto anaanza na ajali ya barabarani, anapita kwenye harusi ya shangazi, anamalizia kwa kuwashauri vijana waache dawa za kulevya. Hizo ni insha tatu, na hakuna hata moja iliyokamilika.

Mwalimu, kuna aina ngapi?

Kila kitabu cha mwongozo kina hesabu yake, kwa hiyo usikariri idadi. Shika makundi mawili. La kwanza ni insha za kiuamilifu, yaani maandishi yenye kazi maalumu katika maisha: barua rasmi, barua ya kirafiki, barua kwa mhariri, barua pepe, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri, memo, ilani, tangazo, wasifukazi, mahojiano, shajara. La pili ni zile ambazo mwandishi ana uhuru zaidi: masimulizi, maelezo, methali, mdokezo, mjadala. Kundi la kwanza lina sura maalumu ambayo ukiikosa unaadhibiwa. La pili halina sura ya kukariri, ndiyo maana wanafunzi hulidhani rahisi, kisha matokeo yakitoka wanashangaa.

Karatasi ya insha ya KCSE imepangwaje?

KCSE ndio mtihani wa kumaliza shule ya upili hapa Kenya, na insha ni Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, 102/1. Ina maswali manne. La kwanza ni la lazima na ni insha ya kiuamilifu. Kwa matatu yaliyobaki unachagua moja. Kila insha ina alama 20, jumla 40, na muda ni saa 1 na dakika 45. Kila insha isipungue maneno 400. Karatasi ya Pili na ya Tatu zina alama 80 kila moja, kwa hiyo insha ni alama 40 kati ya 200. Zinaonekana chache mpaka ukumbuke kwamba zinatoka kwa maandishi mawili tu.

"Umekosa sura." Mwalimu wetu huandika hivyo kwa kalamu nyekundu. Sura ni nini?

Ni umbo la nje linalomwezesha msomaji kujua, kabla hajasoma hata sentensi moja, kwamba hii ni barua, hii ni hotuba, hii ni ripoti. Ninyi mnaifundishwa kama sheria za mtihani. Mimi naona ni afadhali ujiulize kila sehemu iliwekwa pale kwa ajili ya nani.

Chukua barua rasmi. Anwani yako huwa juu upande wa kulia, na chini yake tarehe, kwa sababu anayeipokea anataka kujua imetoka wapi na lini. Kisha upande wa kushoto anwani ya unayemwandikia, kwa cheo chake. Halafu mtajo, "Kwa Bwana" au "Kwa Bibi". Halafu mada, ambayo hutanguliwa na KUH (kuhusu) au MINT (mintarafu) na kupigiwa mstari. Kwa nini mada? Kwa sababu karani wa ofisi ana barua hamsini mezani na hatazisoma zote. Anaangalia mstari huo na kujua barua iende faili gani. Mwishoni "Wako mwaminifu", sahihi, jina, na cheo kama unacho. Barua ya kirafiki haina anwani ya pili wala mada, kwa kuwa rafiki yako hana karani.

Sasa kumbukumbu za mkutano, ambazo wanafunzi wangu huzichukia kuliko zote. Mwaka mmoja nilimwambia msichana wa Kidato cha Tatu aniletee daftari la chama cha mama yake. Ni chama cha kawaida cha kuchangishana pesa, cha akina mama kumi na watano huko mtaani Umoja, wanaokutana Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa mzunguko wa nyumba. Daftari lenyewe lilikuwa na doa la chai kwenye jalada. Tulipolifungua darasani, kila kitu kilikuwamo. Kichwa chenye jina la chama, tarehe, mahali na saa. Waliohudhuria, na vyeo vyao. Waliotuma udhuru. Waliokosa bila udhuru, nao walikuwa wawili, na pembeni ya majina yao palikuwa na faini. Ajenda. Kisha kufunguliwa kwa mkutano, kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu zilizopita, yaliyotokana na kumbukumbu hizo, ajenda za siku moja baada ya nyingine, shughuli nyinginezo, na kufungwa. Chini kabisa nafasi mbili za sahihi, ya mwenyekiti na ya katibu.

Mvulana mmoja akauliza sahihi ni za nini ilhali wote wanajuana. Yule msichana akamjibu kabla yangu: "Siku moja mtu alisema alishalipa." Tangu siku hiyo darasa lile halikusahau sahihi.

Tazama pia lugha ya daftari lile. Halisemi "nilimwona mwenyekiti akikasirika sana". Linasema "Mwenyekiti aliwahimiza wanachama kulipa kwa wakati." Wakati uliopita, nafsi ya tatu, bila mapambo. Mwanafunzi anayetia "machozi yakamlengalenga mwekahazina" kwenye kumbukumbu amesahau anaandika nini.

Hotuba ina tofauti gani na insha ya kawaida yenye mtajo wa wageni?

Hotuba ni maneno yatakayotoka kinywani mwa mtu, kwa hiyo huandikwa katika usemi halisi, na alama za usemi hufunguliwa mwanzo wa maneno na kufungwa mwisho. Wageni hutajwa kwa kufuata itifaki, mkubwa kwanza. Ndiyo, najua kwamba siku hizi kila msemaji kwenye hafla husema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Kwenye mtihani, izingatie kikweli. Kisha ndani ya hotuba usiwasahau wasikilizaji: waite tena katikati, waulize swali, wape nafasi ya kucheka. Hotuba ambayo haiwataji wasikilizaji baada ya aya ya kwanza ni makala iliyovaa koti la hotuba.

Barua kwa mhariri na tahariri si kitu kimoja?

Hapana. Barua kwa mhariri inaandikwa na msomaji, ina anwani kama barua rasmi. Tahariri ni sauti ya gazeti lenyewe: jina la gazeti, tarehe, kichwa, kisha msimamo kuhusu jambo la wakati huo. Haina "Kwa Bwana" wala "Wako mwaminifu". Nunua Taifa Leo siku mbili, weka tahariri na barua za wasomaji kando kwa kando, na hutachanganya tena. Ni shilingi chache kuliko kitabu cha mwongozo.

Ripoti je?

Ripoti inachunguza jambo na kumpa mkubwa fulani majibu. Kichwa, utangulizi unaosema nani aliagiza na nini kilitakiwa, namna mlivyochunguza, mliyoyapata, mapendekezo, hitimisho, sahihi na cheo. Kosa kubwa ni mapendekezo yasiyotokana na matokeo. Umegundua kwamba wanafunzi huchelewa kwa sababu ya msongamano wa magari Jogoo Road, kisha unapendekeza shule ijengewe maktaba.

Kwenye insha ya methali, ni lazima nianze kwa kueleza maana?

Si lazima. Kisa kikiidhihirisha methali, msomaji ameshaelewa. Wengi huanza na "Methali hii ina maana kwamba…", kisha aya ya matumizi, kisha methali nyingine tano zenye maana sawa, na kabla kisa hakijaanza ukurasa umekwisha.

Kilicho lazima ni pande zote mbili za methali. Mtihani mmoja wa shuleni niliweka "Mchumia juani hulia kivulini." Kuna upande wa kuchuma juani na upande wa kivuli. Robo tatu ya darasa waliandika kurasa mbili za jua: kijana aliyeuza mitumba Gikomba, akaamka saa kumi za usiku, akanyeshewa, akaibiwa mzigo. Kisha mstari wa mwisho: "Sasa ana gari." Kivuli chote kimepata sentensi moja! Kama umetumia aya nne kwa taabu, tupe angalau mbili za raha iliyotokana na taabu ile. Na iwe imetokana nayo kweli. Kijana akishinda bahati nasibu, methali imekufa.

Lakini aliyenikaa rohoni ni mvulana aliyeandika vizuri mno, lugha safi, mpaka mwisho ambapo mchumaji anaketi chini ya mwembe na kububujikwa na machozi. Aliposoma "hulia" alifikiri ni kilio, kumbe ni kula. Ukiwa na shaka na neno moja la methali, chagua swali lingine.

Na mdokezo?

Hapa unapewa maneno machache ya kuanzia au kumalizia kisa chako. Angalia nukta zilipo. Maneno yakifuatwa na nukta, ndiyo mwanzo wa insha yako. Yakitanguliwa na nukta, ndiyo mwisho wake. Yanakili jinsi yalivyo, usibadilishe hata neno. Kisha tazama nafsi. Mdokezo ukisema "Alipofungua mlango…" huyo ni yeye, si wewe. Nimeona kisa kinaanza na "alipofungua" na kufika aya ya tatu mwenye mlango amekuwa "mimi".

Mdokezo wa kumalizia ni mgumu zaidi, na ushauri wangu ni kuupangia kutoka nyuma. Jiulize ni jambo gani lingemfanya mtu aseme maneno yale, kisha rudi mwanzo. Ukianza bila kujua unakoelekea, maneno ya mwisho yatakuwa kama kiraka cha rangi nyingine kwenye suruali.

Mjadala: nikubali au nipinge?

Toa hoja za kuunga, toa za kupinga, kisha simama mahali. Upande mmoja unaweza kuzidi mwingine. Usichoweza ni kumaliza kwa "kila mtu ana maoni yake".

Nilifundishwa utangulizi mzuri sana shule ya msingi. Naweza kuutumia?

Nadhani naufahamu. "Siku hiyo niliamka alfajiri na mapema, majogoo yalipokuwa yakiwika, nikapiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi…" Au ule wa mawingu yaliyotanda angani mithili ya blanketi. Nimeusoma katika insha ya wizi, ya harusi, ya mafuriko, na mara moja katika barua ya kuomba kazi.

Hapa sikubaliani na walimu wenzangu kadhaa, na tumebishana sana chumbani mwa walimu. Wao wanasema mtoto wa mtaani asiyezungumza Kiswahili sanifu nyumbani anahitaji misemo ya kushikilia: kupiga moyo konde, kufumba na kufumbua, machozi njia mbili mbili. Sawa, ni kweli anahitaji msamiati. Lakini mapambo yaliyokaririwa yanamwonyesha msahihishaji jambo moja tu, kwamba umekariri. Tamathali moja uliyoiona kwa macho yako inashinda kumi za daftari. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba nyanya yake alipopata habari ya msiba "alikunja leso yake mara nne, akaikunjua, akaikunja tena." Hakuna chozi hata moja katika sentensi ile. Niliisoma mara mbili kisha nikaenda kuchukua chai.

Utangulizi ufanye kazi moja: utuingize kwenye jambo. Kama insha ni ya moto sokoni, moshi uonekane kufikia sentensi ya tatu. Hatuhitaji kujua ulipiga mswaki.

Aya iwe na urefu gani?

Urefu wa hoja moja. Sitakupa idadi ya mistari. Afadhali nikuonyeshe. Swali lilikuwa uchafuzi wa mazingira jijini. Aya ya kwanza ya mwanafunzi:

"Uchafuzi wa mazingira ni jambo baya sana. Watu wengi huchafua mazingira yetu. Jambo hili linaleta madhara mengi kwa watu. Serikali inafaa kufanya kitu."

Hakuna kosa la sarufi. Pia hakuna kitu. Ungeweza kuibandika Mombasa, Kisumu au mwezini. Nilimwuliza anaonaje akitoka nyumbani asubuhi ya mvua. Akaandika upya:

"Mvua ikinyesha saa moja tu, mtaro ulio mbele ya ploti yetu hufurika. Si kwamba maji ni mengi. Umejaa chupa za plastiki na nepi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, na kweli imepungua, lakini chupa hazikuguswa. Maji yakikosa njia huingia dukani kwa jirani, naye huyafagia kurudi barabarani yakiwa na uchafu wake."

Hoja ni ile ile moja. Ina sentensi ya kuitaja, sababu, ushahidi, na tokeo.

Naweza kutumia Sheng?

Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, iweke kwenye kinywa cha mhusika, kwa kipimo, ndani ya alama za usemi. Ukimfanya kondakta wa matatu ya Kayole, mtaa wa hapa Nairobi, aseme "Tafadhali bibie, nikabidhi nauli", umetuchekesha bila kukusudia. Nje ya mazungumzo, usitumie.

Ila Sheng haiwaangushi wanafunzi wa Nairobi sana, kwa kuwa kila mtu anaitambua akiiona. Hatari ni Kiswahili chetu cha mtaani ambacho hakionekani kuwa kosa. "Mtu mwenye alikuja" badala ya "mtu aliyekuja". "Venye nilimwona" badala ya "jinsi nilivyomwona". "Nilichelewa juu ya jam" badala ya "kwa sababu ya msongamano". "Kitambo nifike" badala ya "kabla sijafika". "Ingine" badala ya "nyingine". Halafu herufi h inayodondoka, "ata" na "alafu", na viambishi vinavyokatwa kama kamba: "ana enda", "nita kuja". Hata mimi nikiongea na muuza mboga nasema "venye", na sioni aibu. Andika tu orodha yako binafsi ya makosa saba unayorudia, na dakika tano za mwisho za mtihani uyatafute hayo tu.

Msahihishaji hutoaje alama?

Huisoma insha nzima na kuiweka kwenye kiwango: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Hutazama maudhui, mtindo, msamiati, sarufi na hijai (tahajia). Kukosa sura hupunguza alama, na insha fupi haiwezi kupanda hata ikiwa tamu. Anayejitungia swali lake huishia D, haidhuru lugha yake ni nzuri kiasi gani. Mwandiko hauna alama zake, lakini neno lisilosomeka ni neno ambalo hukuliandika.

Mwanangu yuko kwenye mtaala mpya. Haya yote bado yanamhusu?

Yanamhusu. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na KCSE ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 itafikia mwisho 2027. Katika mtaala wa umilisi bado ataandika barua, hotuba, masimulizi, maelezo na barua pepe. Tofauti ni kwamba tathmini inafanyika kidogo kidogo mwaka mzima na matokeo huja kwa maneno, kutoka "kuzidisha matarajio" hadi "mbali na matarajio". Mzazi, akiletewa kazi ya kuandika nyumbani, usimwandikie. Tunajua.

Akiandikiwa na akili unde (AI) ni vibaya?

Muhula uliopita nilipokea insha tatu kutoka kwa wanafunzi watatu wanaoketi pembe tofauti. Zote zilianzia "katika kijiji kimoja kilichozungukwa na vilima vya kijani kibichi". Watoto wa Kayole hao. Niliwaita, nikawaomba wanisimulie kisa kwa mdomo bila karatasi. Mmoja hakukumbuka mhusika wake aliitwa nani.

Kuandikiwa si jambo geni hapa. Kwa miaka mingi vijana wengi wa Nairobi wamepata kodi ya nyumba kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na sheria ya mwaka 2022 iliifanya biashara ya kuuza kazi hizo kuwa kosa huko England. Sitawahukumu waliokuwa wakitafuta riziki. Nasema tu kwamba waliojifunza kuandika ni hao waandikaji, si walionunua. Simu unaweza kuitumia kukuulizia maswali, kukuonyesha ngeli, kukutafutia kisawe. Kwenye chumba cha mtihani haiingii.

Insha za chuo kikuu ni zile zile?

Mifupa ni ile ile, lakini huko hakuna anayetaka kisa. Unatoa dai moja, unalitetea kwa ushahidi, na unasema kila wazo umelitoa wapi. Wanaofika wakidhani kurasa nyingi ndizo hoja nyingi hupata tabu mwaka wa kwanza.

Niandike nakala chafu kwanza?

Huna muda. Dakika 105 kwa insha mbili ni chini ya saa nzima kwa kila moja. Tumia dakika tano kupanga: neno moja moja pembeni kwa kila aya, na sentensi ya mwisho ukiwa umeshaijua. Kisha andika. Ukikosea, piga mstari mmoja ulionyooka, uendelee. Usichore wingu la wino. Na ule mpangilio wa pembeni uukate pia kabla hujakabidhi karatasi. Niliwahi kusahihisha moja ambayo pembeni palikuwa pameachwa: "aya 3 – mtu afe".